Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Simu yangu ilikuwa ikiita ndani ya droo

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Uganda
Na kwa: Wajumbe wa Bodi ya Ushauri ya Afya ya Akili
Nakala: Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, Kamati ya Afya ya Bunge

YAH: HAKI ZA MGONJWA ALIYEZUILIWA HOSPITALINI KWA MATIBABU YA AKILI

Mheshimiwa Waziri, waheshimiwa wajumbe,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuza vitenge, mkazi wa Arua, mama wa watoto watatu. Mwaka jana nililazwa kwa nguvu katika wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali moja ya serikali, nikakaa humo siku 47. Siku 19 za mwanzo watu wangu hawakujua kama niko hai.

Hospitali hiyo sitaitaja. Si ya Arua, wala si Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na zaidi ya hapo sisemi, maana sitaki barua hii igeuke ugomvi wangu na watu wa wodi moja. Njia ya kimyakimya nimeijaribu. Niliuandikia uongozi wa hospitali mara tatu. Kaka yangu alizipeleka barua hizo kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hatukujibiwa hata moja. Mara ya nne tulikwenda wenyewe, tukakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka ofisi ikafungwa, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Nauli ya kurudi wiki ijayo hatukuwa nayo. Ndipo nikaona niwaandikie ninyi, na niandike mahali ambapo kila mtu atasoma.

Kwanza nikiri jambo, ili tusipotezeane muda. Niliumwa. Nilikuwa safarini na mzigo wa vitenge niliokuwa nimenunua Ariwara, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, siku ya nne sijapata usingizi. Nikashuka kwenye basi katika mji ambao sina mtu, nikafungua mzigo, nikaanza kutandika vitenge barabarani, kimoja baada ya kingine, magari yakipita, nikiamini bibi harusi anakuja na asikanyage vumbi. Lori lilifunga breki hatua chache kutoka pale nilipopiga magoti. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na askari wawili walionibeba siku ile waliniokoa, nami nawaombea heri. Kwa hiyo sisemi kwamba sikustahili kupelekwa hospitali. Dawa zilinisaidia, na hadi leo nazimeza kila siku baada ya sala ya isha. Ninachokilalamikia ni kwamba tangu mlangoni, hakuna aliyeona ni wajibu wake kuniambia, kwa lugha ninayoielewa, kwa nini nimezuiliwa, nitakaa mpaka lini, na nikiwa na lalamiko nimwendee nani. Mengine yote yaliyonipata yalizaliwa na hilo.

Nayapanga malalamiko yangu hivi.

1. Sikuelezwa

Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 23, inakubali kwamba mtu anayeumwa akili aweza kunyimwa uhuru wake ili atunzwe na atibiwe, au ili jamii ilindwe. Hilo silipingi. Lakini ibara hiyo hiyo, kifungu cha 3, inasema kwamba mtu aliyekamatwa, aliyezuiwa au aliyewekwa kizuizini ataelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kuzuiwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili anayemchagua. Hakuna mahali ibara hiyo inaposema "isipokuwa mgonjwa wa akili".

Mimi nyumbani nazungumza Kilugbara, sokoni Kiswahili. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, na siku zile hata hicho kilikuwa kimenikimbia. Wodini walizungumza lugha ya kwao na Kiingereza. Nilipouliza, "Hapa ni wapi?", wawili walicheka, sidhani kwa ubaya, mmoja akanionesha kitanda kwa kidole. Hayo ndiyo maelezo niliyopewa. Juma zima niliamini nimekamatwa kwa magendo ya vitenge, hapo ni jela, na sindano ndiyo adhabu yake. Mtu anayeamini hivyo, akijiwa na watu wanne na bomba la sindano, afanye nini? Nilipigana. Ikaandikwa kwamba mimi ni mgonjwa mkali.

Siku ya 19 akarudi kutoka likizo tabibu mmoja wa wodi ile anayejua Kiswahili. Alivuta kiti akakaa, hakusimama juu yangu. Akasema, "Mama, pole. Unaitwa nani?" Nililia kabla sijajibu. Akanieleza niko wapi, ninaumwa nini, ile dawa inaitwaje na kazi yake ni nini mwilini. Hayakuzidi mazungumzo ya dakika kumi. Tangu siku ile hapakuwa tena na haja ya mtu kunishika ili nichomwe sindano. Nilikuwa nanyoosha mkono mwenyewe. Siku 18 za kushikana mieleka, siku 18 za wauguzi kuchoka na mimi kuumia, zingeweza kumalizwa na dakika kumi hizo.

2. Simu yangu

Nilipoingia nilivuliwa kila kitu: kanga, pochi, pete, na simu yangu ndogo ya vitufe. Vikawekwa kwenye droo ya meza ya wauguzi, droo ikafungwa kwa ufunguo. Simu haikuzimwa. Kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka kwenye meza ile. Jioni ya kwanza ikaita. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Nikainuka, nikaionesha droo. "Kesho," nikaambiwa, neno hilo la Kiswahili walilijua. Kesho yake iliita mchana kutwa, na usiku zaidi, maana kaka yangu hupiga usiku gharama inapopungua. Kila ilipoita droo ilitetemeka kidogo kwenye meza, na sista aliyekuwa akiandika aliinua daftari lake, akangoja imalize, akaendelea kuandika. Siku ya tatu ikatoa ule mlio mfupi wa kuomba chaji, kisha ikanyamaza.

Yule tabibu alipoichaji na kuiwasha alikuta simu 61 zisizopokelewa. Wakati huo kaka yangu alikuwa ameuza mbuzi wawili apate nauli, amezunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti katika miji miwili. Mama yetu alikuwa ameanza kupokea majirani waliokuja kumpa pole.

Ibara ya 23, kifungu cha 5, inasema jamaa wa karibu wa mtu aliyezuiwa ataarifiwa mapema iwezekanavyo, mwenyewe akiomba. Na jamaa, wakili na daktari wake binafsi wataruhusiwa kumwona. Mimi niliomba. Niliomba kwa mdomo, kwa kidole na kwa machozi. Hata kama sikueleweka, simu yenyewe ilikuwa inasema.

3. Chumba cha kufungiwa

Mara mbili nilifungiwa peke yangu. Ya kwanza sina la kusema, nilikuwa nimemsukuma muuguzi. Ya pili ilikuwa siku ya tisa, nami naikumbuka vizuri, kwa sababu akili ilikuwa imeanza kurudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo shingo yangu ilipinda ikabaki kuangalia begani, taya likakaza, macho yakawa yanakwenda juu yenyewe. Nilidhani nakufa. Asubuhi walipokuja na sindano nikaikataa, nikishika shingo na kuonesha. Wakaona naigiza. Nikafungiwa.

Baadaye nimejifunza kwamba haloperidoli, ile dawa niliyokuwa nachomwa, huweza kuleta hali hiyo hasa siku za mwanzo, kwamba inajulikana, na kwamba ipo dawa ya kuituliza, benzeksoli, kidonge cha kawaida tu. Yaani nilikuwa nawaonesha madhara ya dawa yao wenyewe, wao wakaandika ukaidi.

Chumba kile kilikuwa na sakafu ya saruji, ndoo moja isiyo na mfuniko, na kidirisha juu karibu na dari. Godoro hapana. Blanketi hapana. Nilivuliwa gauni la wodi, nikabaki na fulana. Sikuwa na saa, nikahesabu kwa adhana iliyokuwa ikisikika kutoka mbali: adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, alfajiri, na adhuhuri tena. Uji uliletwa mara moja. Ndoo haikumwagwa. Sista mmoja wa zamu ya usiku alinipitishia shuka lake mwenyewe chini ya mlango, akaweka kidole mdomoni ili nisiseme. Nilikaa nikijiuliza huyu anamwogopa nani, kwa kumfunika mgonjwa.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 1991 kuhusu ulinzi wa wagonjwa wa akili inasema kufunga au kutenga mgonjwa kutumike tu pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuzuia madhara yaliyo karibu kutokea, kusizidi muda unaohitajika, kuandikwe kwenye rekodi ya mgonjwa pamoja na sababu, na mgonjwa awe chini ya uangalizi wa karibu wa mtu mwenye ujuzi. Katiba yetu, ibara ya 24, inakataza kumtendea mtu yeyote unyama au kumdhalilisha, na ibara ya 44 inasema katazo hilo haliondolewi kwa hali yoyote. Tangu 2012 tunayo pia sheria ya kuzuia mateso. Nimeuliza kama kufungiwa kwangu kuliandikwa mahali. Sijajibiwa.

4. Kidole gumba

Wiki ya tano nililetewa karatasi ya Kiingereza na pedi ya wino. Nikashikwa gumba, likagandamizwa mwishoni mwa karatasi. Mimi najua kuandika jina langu. Nina daftari la wadeni sokoni lililojaa mwandiko wangu. Hakuna aliyeuliza. Nilipotoka ndipo nikaambiwa kwamba karatasi ile ilikuwa ya kuonesha nimekubali matibabu kwa hiari.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile kongwe ya 1964, inatofautisha mgonjwa aliyekuja kwa hiari, aliyeletwa kwa dharura, na aliyelazwa bila ridhaa yake. Kila mlango una masharti yake. Naomba kujua mimi niliingia kwa mlango upi. Kama nilikuwa wa hiari, kwa nini geti lilikuwa na kufuli, na kwa nini nilirudishwa nilipofika hapo? Kama sikuwa wa hiari, lile gumba ni la nini? Nahisi jibu ni kwamba mgonjwa wa hiari hahitaji kuandikiwa ripoti nyingi. Kama nimekosea, nioneshwe faili, nitaomba radhi hadharani.

5. Faili

Faili nimenyimwa. "Ni mali ya hospitali." Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ipo tangu 2005. Kurasa mbili tu nimeziona, siku ya kuruhusiwa, zikiwa wazi mezani. Jina langu lilikuwa limekosewa. Penye nafasi ya jamaa wa karibu paliandikwa kwa Kiingereza maneno mawili ambayo hata mimi wa darasa la saba niliyaelewa: hana ndugu.

Waheshimiwa, hayo ndiyo yangu. Sasa najua yatakayosemwa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia kwenye lile benchi.

Watasema wauguzi ni wachache na wodi zimefurika. Ni kweli. Nimeona kwa macho yangu sista mmoja na wagonjwa wasiohesabika usiku mzima, na nimeona wagonjwa wawili godoro moja. Nchi yenye hospitali moja tu ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, iliyofunguliwa 1955 tukiwa bado chini ya Mwingereza, haiwezi kumlaumu sista wa wilayani kwa kila kitu. Fedha za wauguzi ni kazi yenu na Bunge, na katika hilo mimi niko upande wa wauguzi. Lakini kupokea simu inayoita mezani hakuhitaji bajeti. Kwa hesabu yangu, sista yule angejipunguzia kazi ya siku 18.

Watasema mgonjwa hakuwa katika hali ya kuelewa. Siku ya kwanza, huenda. Basi mwambieni tena siku ya tatu, na ya saba. Mtu anayeumwa akili hazimiki kama taa. Kuna saa anaelewa na saa haelewi, na anayekaa naye anazijua saa hizo. Mimi nilipokuwa sielewi kitu bado nilijua ule ni mlio wa simu yangu.

Watasema Kiswahili si lugha ya huku. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nina la kusema. Tangu marekebisho ya 2005, Katiba inataja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini hata tukikiweka Kiswahili pembeni, haki yenyewe ni ya lugha anayoielewa mgonjwa, iwe Kikaramojong, Kikonzo au lugha ya ishara. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha mwanamke mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anayezungumza Kidinka na Kiarabu cha Juba. Kila siku alijishika matiti, akilia na kuwaonesha wauguzi, nao wakiona ni ugonjwa. Nilipopata nafuu nilimsikiliza kwa Kiarabu changu kidogo cha biashara. Kumbe alikuwa ana mtoto wa miezi minne aliyeachwa kwa jirani kambini, na maziwa yalikuwa yamemjaa yanamuuma. Alikuwa akiwaambia hivyo kwa wiki mbili. Mgonjwa ndiye aliyemtafsiria mgonjwa. Nchi inayopokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, na sote twajivunia hilo, haiwezi kushangaa kwamba wodini patafika mtu wa lugha nyingine. Miongozo ile ya 1991 inasema mgonjwa aelezwe haki zake kwa lugha anayoielewa, na apate mkalimani inapohitajika anapopinga kuzuiliwa kwake. Mkalimani si lazima awe na ofisi. Mpishi wa hospitali ile alikuwa anajua Kiswahili. Nilimsikia akiimba, nikamwita dirishani, akafukuzwa asizungumze na wagonjwa.

Watasema pia kwamba sheria nzuri tayari ipo, ile ya 2018. Ipo, ndiyo, na Bodi yenu imeundwa na sheria hiyo. Kwa siku 47 sikuona karatasi hata moja ukutani inayotaja Bodi, wala sanduku la maoni, wala namba ya simu. Jina la Bodi nimelijua nikiwa nimekwisha kurudi Arua, kwa mtoto wa dada yangu anayesoma chuo. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua kesi ya wagonjwa wa akili wa Gambia, ikaona kosa kubwa katika sheria ya kule kwamba aliyezuiliwa hakuwa na pa kukata rufaa. Sisi pa kukatia rufaa tumepaweka kwenye karatasi. Kwa mgonjwa asiyeambiwa kwamba papo, tofauti yetu na Gambia ya wakati ule ni ipi?

Na wapo watakaosema moyoni tu, wasitamke: huyu ni kichaa, maneno yake yana uzito gani. Nimelizoea neno hilo. Sokoni wapo walioacha kununua kwangu. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilikataa maneno ya kuwadhalilisha wenye ulemavu wa akili yaliyokuwa yamebaki katika sheria zetu za jinai, nami nilipoelezwa hukumu hiyo nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa jina. Kila nilichokiandika hapa kina mtu mwingine aliyekiona: kaka yangu, tabibu yule, mwenyekiti wa LC1. Watafuteni muwaulize. Ila tabibu yule na sista wa shuka naomba wasiadhibiwe kwa wema wao.

Ninachokiomba si kikubwa.

Naomba kila wodi ya wagonjwa wa akili nchini iwe na ukurasa mmoja wa haki za mgonjwa, katika lugha za eneo lile, Kiswahili na Kiingereza, na usomwe kwa sauti kwa kila anayelazwa, siku anayoingia na tena anapotulia. Aliyeusoma aandike kwenye faili jina lake, tarehe, na lugha aliyotumia. Hapo kwenye lugha ndipo mtakapoona ukweli: mgonjwa Mlugbara akiwa amesomewa kwa lugha asiyoijua, itaonekana.

Naomba simu ya mgonjwa isifungiwe kabla ya kupigwa namba moja anayoitaka yeye, siku hiyo hiyo. Akiwa hawezi kusema, ipokelewe ikiita. Kama hana simu, mwenyekiti wa LC1 au polisi waliomleta waachiwe jukumu la kutafuta kwao, na liandikwe ni nani kaachiwa.

Naomba kuwe na daftari la chumba cha kufungiwa: nani ameingia, saa ngapi, kwa amri ya nani, kwa sababu gani, ametoka saa ngapi, amekula nini. Daftari hilo lisikae kwa mkuu wa wodi peke yake. Ibara ya 52 ya Katiba inaipa Tume ya Haki za Binadamu kazi ya kutembelea magereza na mahali pengine watu wanapozuiliwa. Basi Tume ikifika wodini ianze na hilo daftari. Na hakuna anayepaswa kulala kwenye saruji bila nguo wala blanketi, kwa kosa lolote. Hilo halihitaji daftari.

Naomba namba ya Bodi ibandikwe ukutani pale mgonjwa anapoweza kuiona akiwa kitandani, na mgonjwa anayeitaka Bodi apewe simu faragha. Gumba la mgonjwa lisichukuliwe kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa lugha yake mbele ya mtu wa kwao au shahidi asiye wa wodi ile.

Mwisho naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60. Jina langu kamili, jina la hospitali na tarehe za kulazwa kwangu nimeziandika katika nakala iliyopelekwa ofisini kwenu kwa bahasha, pamoja na nakala za zile barua tatu zenye muhuri. Jibu likiwa kwa Kiswahili nitalisoma mwenyewe.

Na faili langu likipatikana, kabla sijapewa nakala yake, naomba lirekebishwe kwenye ukurasa wa kwanza. Jina langu liandikwe sawasawa. Pale palipoandikwa hana ndugu, paandikwe: mama yake yuko hai, ana ndugu wanne, na walikuwa wakipiga simu.

Wenu mtiifu,

Muuza vitenge, Arua